Piga Hodi Kwanza, Eskil

"Achia hilo bomba, bwana."

"Nimelishika mimi kwanza, dada."

"Umelishika? Umeligusa tu! Kugusa na kushika ni vitu viwili."

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, na ukumbi wa michezo katikati ya Trondheim ulikuwa umejaa watu mpaka milangoni. Kila mwaka kabla theluji haijashuka, watu wa mji ule huleta pale vitu vyao vya majira ya baridi wakauziana: skii, zile mbao za kutelezea thelujini, za watoto waliokwisha kukua, viatu vigumu, makoti yaliyoanza kubana matumbo. Harufu ya nta ya skii ilikuwa imechanganyika na harufu ya chapati tamu za umbo la moyo zilizokuwa zikiokwa kwenye chuma karibu na mlango. Watu walisukumana kwa adabu, kila mmoja akiomba radhi kabla ya kumkanyaga mwenziwe.

Hawa wawili tu ndio hawakuomba radhi. Mwanamke alikuwa amevaa koti la sufu la rangi ya haradali. Nywele zake za rangi ya shaba zilisukwa msuko mmoja mnene, na kitana kilikuwa kimesahaulika humo ndani, kimechomoza nyuma ya sikio. Jina lake Torunn, mtengeneza nywele. Mwanamume alikuwa mrefu, mwenye ndevu nyekundu, na sweta lake la bluu lilikuwa na kiraka kwenye kiwiko. Jina lake Eskil, na kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia. Kati yao kulikuwa na kipande kimoja cha bomba la bati, cha kurefushia dohani juu ya paa la gari-nyumba. Kilikuwa cha mwisho mezani.

"Sikiliza," alisema Torunn, bila kulegeza mkono. "Gari langu lina hita ya zamani. Inavuta hewa chini ya sakafu, inatoa moshi juu ya paa. Theluji ikiziba dohani, nitakufa kwa moshi wangu mwenyewe. Nalihitaji hili bomba. Umenisikia?"

"Nimekusikia," alisema Eskil.

Hakusikia kitu. Alikuwa anatazama kile kitana.

"Basi chukua," alisema. "Nakuachia."

Torunn aliwaka. "Nani kakuomba uniachie? Mimi sitaki kuachiwa! Nataka kushinda."

"Haya. Jiwe, karatasi, mkasi?"

"Jiwe, karatasi, mkasi."

Wakahesabu kwa sauti kama watoto wa shule, na mama muuza vitu akaacha kazi yake ili atazame. Eskil alitoa karatasi. Torunn alitoa mkasi.

"Nilijua," alisema Torunn, akilikumbatia bomba lake. "Wanaume wapole wote hutoa karatasi."

"Na wewe?"

"Mkasi ndio unaonilisha, kaka."

Eskil alicheka mpaka watu wakageuka. Kisha akamwambia, "Una kitana kichwani."

Torunn alipapasa, akakikuta, akawa mwekundu mpaka shingoni. "Tangu asubuhi?"

"Mimi nimekujua tangu dakika tano zilizopita. Ila kinakupendeza."

Walikula chapati za moyo na jibini ya kahawia wamesimama, maana viti vyote vilikuwa vimekaliwa. Chapati ya mwisho Eskil aliikata katikati, akampa Torunn upande uliokuwa na jibini nyingi. Torunn aliona, akajifanya hakuona. Walipoagana, kila mmoja alikuwa na namba ya simu ya mwenzake.

*

Gari-nyumba lile lilikuwa la baba yake Torunn, Halvor, aliyefariki majira ya kuchipua. Kwa miaka mingi lilikaa kila msimu wa baridi kwenye kiwanja kimoja chini ya mlima Krokfjell, kwenye safu ya magari-nyumba iliyo karibu kabisa na kamba za kupandishia watu wa skii. Ndani ya mlango wa kabati la nguo baba alikuwa amechora mistari ya penseli, akipima urefu wa binti yake kila Pasaka. Mstari wa chini ulifika gotini. Wa juu ulikuwa wa mwisho kabla Torunn hajakataa kupimwa kwa sababu alikuwa mtu mzima wa miaka kumi na minne.

Viwanja vile watu huvisubiri miaka na miaka. Kamati ya wenye viwanja ilimpa Torunn pole, kisha ikamweleza sharti ambalo kila mwenyeji mpya hupewa. Jumapili ya kwanza ya Majilio, wiki nne kabla ya Krismasi, watapita kukagua. Gari liwe na joto, maji yatoke bombani, na liweze kusogea lenyewe ili trekta la jembe la kuondolea theluji lipite. Likishindwa, kiwanja kinakwenda kwa anayefuata kwenye foleni.

Kaka yake Gaute alimpigia simu kutoka Bergen.

"Uza hilo kopo, Torunn. Wewe na gari wapi na wapi?"

"Baba aliniachia mimi."

"Baba alikuachia kwa sababu mimi nilikataa! Baridi ya kwanza tu mabomba yatapasuka, utalia, utanipigia mimi."

"Nikikupigia wewe, ujue nimekosea namba," alisema Torunn, akakata simu. Mteja aliyekuwa kitini alimtazama kwenye kioo kwa hofu, maana mkasi ulikuwa bado mkononi mwake.

Basi Eskil alipopiga jioni ile kuuliza kama bomba limefungwa vizuri, alikutana na moto uliokuwa umeshawashwa.

"Wewe nawe unataka kunifundisha?"

"Mimi? Nimeuliza tu."

"Wanaume wote huanza kwa kuuliza tu. Halafu wananinyang'anya bisibisi mkononi."

"Basi niwekee sheria, mama mkubwa. Nitaifuata."

Torunn alifikiri. "Nikikuuliza, jibu. Nisipokuuliza, nyamaza. Na usiguse kitu changu bila kubisha hodi."

"Nimekubali. Naruhusiwa kuja kutazama?"

"Njoo na kahawa."

Alikuja Krokfjell na kahawa Jumamosi iliyofuata, akaja na iliyofuata tena. Yeye mwenyewe alikuwa na gari-nyumba dogo jipya huko huko, lakini alilala kwenye maegesho ya wageni, nyuma ya vyoo. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono ameikalia isije ikamponyoka, akamtazama Torunn akifanya kazi amevaa suruali ya baba yake iliyofungwa kiunoni kwa mshipi wa saluni.

Torunn alikausha maji ya zamani kwenye matangi, akamimina dawa ya kuzuia kuganda kwenye tangi la maji machafu. Aliviringishia mabomba ya chini vitambaa vya sponji. Alikata mikeka minene ya kuziba vioo wakati wa kulala, akatandika ngozi za kondoo sakafuni. Alipanda paani akaunganisha bomba la bati na dohani, upepo ukimpiga, Eskil akiwa chini ameshika ngazi.

"Usinitazame hivyo!"

"Nimeshika ngazi, mpenzi. Nitazame wapi?"

"Umeniitaje?"

"Ngazi. Nimesema ngazi."

"Muongo mkubwa wewe," alisema Torunn, lakini alishuka taratibu kuliko ilivyohitajika.

Siku hita ilipowashwa mara ya kwanza, moto wa bluu ukatulia na joto likaanza kutambaa sakafuni, Torunn alipiga kelele za furaha, akamkumbatia mtu aliyekuwa karibu. Aliyekuwa karibu alikuwa mmoja tu. Wakabusiana hapo, magoti yao yakigonga kabati. Baadaye Torunn alifungua mlango wa kabati akamwonyesha ile mistari ya penseli. Eskil alitoa mikono mfukoni ili aitazame vizuri, lakini hakuigusa. Aliuliza ni mstari upi wa mwaka gani, akasikiliza yote.

Kwa wiki kadhaa simu zao zilikuwa ndefu.

"Umekula?"

"Nimekula samaki na viazi. Wewe?"

"Nimetengeneza meno ya juu ya mzee mmoja. Kayajaribu, kaniambia yanamfanya afanane na farasi."

"Na kweli?"

"Kidogo."

Jambo moja tu Eskil hakulisema. Aliyefuata kwenye foleni ya viwanja alikuwa yeye. Alisubiri miaka minane. Kila alipotaka kusema, aliona ataonekana kama mtu anayempimia mwenziwe kaburi, akaahirisha. Watu wa kule huahirisha maneno kwa upole, kisha hushangaa upole huo unapowageukia.

*

Wiki moja kabla ya ukaguzi, redio ilitangaza kwamba baridi itashuka ghafla. Torunn alikuwa na maharusi wa kusuka mpaka Ijumaa jioni, hakuweza kupanda mlimani. Eskil alikuwa na likizo. Alifika Alhamisi, akapita kwenye kiwanja cha Torunn, akaona breki ya mkono imevutwa. Katika baridi ile breki ya magurudumu ya nyuma huganda, gari likakataa kuondoka mpaka mwezi wa tatu. Alijua ufunguo unawekwa wapi, chini ya ngazi ya mlango. Alisimama hapo kidogo. Simu ilikuwa mfukoni.

Hakupiga. Alitaka Torunn akifika akute mambo yamekuwa mazuri, yenyewe, kama zawadi.

Alifungua, akaachia breki, akaegemeza magogo kwenye matairi. Kisha akachukua koleo. Theluji ilikuwa imeanguka nyingi, na theluji ni blanketi nzuri kwa gari likizungushiwa vizuri. Eskil aliirundika kuzunguka gari lote, akaipigapiga kwa bapa la koleo mpaka ikawa ukuta mweupe laini, kutoka chini hadi usawa wa sakafu, bila ufa wala tundu. Gari lake jipya huvuta hewa ubavuni na kutoa moshi paani, na tangu alinunue amekuwa akilizungushia hivyo hivyo. Alirudi nyuma akatazama kazi yake, jasho likimtoka chini ya sufu, akatabasamu.

Jioni Torunn alipiga. "Huko vipi?"

"Baridi. Mambo mazuri."

"Mbona sauti yako ina siri?"

"Njoo utaona, kipenzi."

Torunn alifika Jumamosi mchana. Langoni alisimama Mzee Kolbjørn, mwenyekiti wa kamati, akipasua barafu ngazini.

"Karibu, binti. Nimemwona Eskil kwako juzi, anahangaika humo ndani na huko nje. Si ajabu, maana ndiye anayefuata kwenye foleni."

"Foleni ipi?"

"Ya viwanja. Hukujua? Akikosa kwako, sijui atapata lini tena."

Torunn alitembea hadi kwenye gari lake bila kutazama theluji wala kitu kingine. Ufunguo ulikuwa umegeuzwa upande mwingine chini ya ngazi. Aliingia, akaona breki ya mkono imeachiwa, imelala chini. Gari lililoachiwa breki ni gari lililo tayari kuvutwa, litolewe, nafasi ibaki wazi. Alikaa akajiambia, subiri, muulize kwanza, mtu huyu alikukatia upande wenye jibini. Akawasha hita, akateleka kahawa, akafunga mlango ili joto litulie.

Kichwa kilianza kumuuma kabla kahawa haijachemka. Moto wa hita uliokuwa wa bluu ulikuwa wa njano, unayumba. Alikuwa ndio anaukodolea macho wakati kile king'ora kidogo cha moshi wa sumu, ambacho baba yake alikifunga juu ya kitanda, kilipopasua hewa.

Alizima hita, akasukuma mlango, akaangukia magoti kwenye theluji akivuta pumzi. Alipoinua uso, ndipo alipouona ule ukuta mweupe. Laini. Mzuri. Bila tundu.

Alichimba kwa mikono. Alikuwa bado anachimba, glavu zimelowa, nywele zimemwanguka usoni, Eskil alipotokea akikimbia na mfuko wa mikate ya mdalasini.

"Mpenzi! Umeiona?"

Torunn alisimama taratibu.

"Nimeiona. Nimeivuta pia. Unajua hita yangu inavuta hewa kutoka wapi?"

Eskil alitazama theluji, akatazama mlango uliokuwa wazi na king'ora kilichokuwa kinalia. Mfuko ulimshuka mkononi.

"Chini," alisema Torunn. "Chini ya sakafu! Nilikuambia siku ya kwanza, tumeshikana bomba, nikakuuliza umenisikia, ukasema umenisikia!"

"Nilikuwa... nilikuwa naangalia nywele zako."

"Nywele zangu! Basi ningekufa kwa sababu ya nywele zangu?"

"Torunn, nisamehe. Nilitaka kukusaidia."

"Nani alikuomba? Sheria ilikuwa ipi? Nilikuwekea sheria moja, Eskil, moja tu, hodi! Umeingia nyumbani kwangu kama mwizi, umeachia breki yangu, umenizungushia kaburi, na kwenye simu unaniambia mambo mazuri! Na foleni je?"

"Foleni..."

"Ndiye unayefuata. Nimeambiwa langoni, kama mgeni. Miezi miwili umekaa juu ya ndoo yangu, unakunywa kahawa, unanitazama nikihangaika, na kumbe nikishindwa unapata wewe!"

"Kahawa nilileta mimi," alisema Eskil kwa sauti ndogo. Halikuwa neno la kusema wakati ule.

Majirani walikuwa wameshatoka, na hapa ndipo mtu mwenye subira huona subira yake ikimwisha. Maana walisema nini? Mmoja alisema, "Lakini kijana alikuwa na nia njema." Mwingine akasema, "Kafanya kazi nzito kweli, tazama ukuta ulivyonyooka." Wa tatu akamwambia Torunn atulie. Mwanamke ametoka kuvuta sumu, kichwa kinampasuka, na watu wazima wanamsifia mtu jinsi alivyonyoosha ukuta! Hakuna aliyemuuliza kama anapumua vizuri.

Alikuwapo mmoja. Aslaug, mke wa Kolbjørn, alisimama pembeni na koleo lake, hakukanyaga kiwanja. Aliuliza, "Torunn, nikusaidie kuchimba, au nikuache?"

Torunn alimpisha nafasi. "Nisaidie, mama."

"Breki inaganda," alisema Eskil. "Niliiachia kwa sababu inaganda, naapa, si kwa..."

"Gari langu!" Torunn alipanda mbele, akaushika ule mkono wa breki, akauvuta mbele ya kila mtu, krrr, mpaka mwisho. "Breki yangu! Nitavuta nikitaka! Ondoka, Eskil. Na hiyo mikate nayo iondoke."

Eskil aliondoka. Mikate aliiacha kwa watoto waliokuwa wakicheza karibu na vyoo, maana hakuweza kuila.

*

Wiki ile simu ya Torunn iliita na iliita. Hakupokea. Aliosha vichwa, alikata, alisuka, na kila mteja aliyesema mume wake ana nia njema alitoka na nywele fupi kuliko alizoomba. Gaute alipiga.

"Nasikia umenusurika kufa. Uza sasa?"

"Sasa ndiyo siuzi kabisa!"

Ijumaa ulikuja ujumbe kutoka kwa Eskil. Haukuwa mrefu. *Nilikosea mara tatu. Sikukusikiliza, sikubisha hodi, sikukuambia habari ya foleni. Sikuombi kitu. Nitakuwa kwenye maegesho, ukitaka kuuliza.* Torunn aliusoma akiwa na povu mikononi. Aliusoma tena baada ya kunawa.

Jumapili ya kwanza ya Majilio kulikucha na baridi kali, moshi wa madohani ukipanda wima kama nyuzi. Kila dirisha la safu ile lilikuwa na nyota ya karatasi yenye taa. Torunn alikuwa amelala humo usiku wa kwanza peke yake, hita ikipumua vizuri, theluji amerundika upande wa upepo tu. Alivaa gauni la sufu la kijani, akafunga nywele vizuri, akakagua hakuna kitana.

Kolbjørn alikuja na wajumbe wawili. Walishika ukuta wa ndani: una joto. Walifungua bomba: maji yakatoka. Mmoja alisifu ngozi za kondoo.

"Sasa lisogeze kidogo tu, binti, tuone jembe litapita."

Torunn alikaa mbele, akawasha injini, akashusha breki ya mkono, akakanyaga mafuta. Gari lilinguruma, likatikisika, halikwenda. Alijaribu nyuma. Magurudumu ya nyuma yalikuwa kama yamepigwa misumari ardhini.

Kolbjørn alikuna kidevu.

"Breki imeganda," alisema, na hakufurahi kusema. "Torunn, sheria ni ile ile kwa kila mtu. Tunakwenda kunywa kahawa kwangu. Tukirudi, kama halijasogea..."

Walipoondoka, Torunn aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Mkono wake mwenyewe ndio uliovuta breki ile. Hasira yake ilikuwa ya haki, wala hakuijutia, ila breki alikuwa ameivuta ili amkomoe mtu, na gari ndilo lililokomoka. Aligeuka akatazama mlango wa kabati. Kisha akachukua simu.

"Eskil. Nina swali."

Alikuja akikimbia kwenye barafu, bila kofia. Mlango ulikuwa wazi kabisa, Torunn amesimama pale pale. Eskil alisimama chini ya ngazi, akainua mkono, akagonga ubao wa mlango uliokuwa wazi.

"Hodi."

"Karibu. Ishia hapo hapo. Breki za nyuma zimeganda. Zinafunguliwa vipi?"

Yule ambaye angepata kiwanja kama angenyamaza alijibu bila kupumua, "Joto kavu. Usimwage maji ya moto, yataganda upya. Joto kavu lielekee kwenye ngoma ya breki, ndani ya gurudumu, polepole. Halafu gonga kidogo kwa nyundo."

"Joto kavu," alisema Torunn. Akaanza kucheka, kwa hasira bado, lakini kucheka. Alitoka na begi lake la kazi, na ndani ya begi kulikuwa na mashine ya kukaushia nywele, ile kubwa ya saluni, inayokausha harusi nzima asubuhi moja. Alivuta waya, akalala chini kwenye theluji na gauni lake la kijani, akaielekeza kwenye gurudumu.

Eskil aliikunja mikono kwapani. "Naruhusiwa..."

"Uliza sentensi nzima."

"Naruhusiwa kukutandikia koti langu, usilale kwenye barafu?"

Torunn alijiinua kidogo. "Unaruhusiwa."

Alikausha gurudumu la kwanza kama anavyokausha kichwa cha bibi harusi, akizunguka, bila haraka. Maji yalianza kudondoka. Aligonga kwa nyundo. Akahamia la pili. Wajumbe walitokea mwisho wa safu wakifuta midomo, Torunn akaruka mbele ya usukani, gauni limelowa, akakanyaga mafuta. Kitu kililia, tak! Gari-nyumba la Halvor likasogea mbele, likasogea na zaidi, mpaka Kolbjørn akainua mikono yote miwili.

"Inatosha, inatosha, binti! Utanivunjia uzio!"

Aslaug alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Eskil alikuwa ameshaanza kuondoka, koti lililolowa begani. Torunn aliteremsha kioo.

"Wewe! Unakwenda wapi?"

"Nyuma ya vyoo. Kwangu."

"Nani amekuambia swali limekwisha? Njoo na kahawa."

*

Hakumsamehe siku ile. Alimsamehe kidogo kidogo, kama barafu ya breki. Majira yote ya baridi Eskil alibisha hodi. Alibisha mlangoni, alibisha kabla ya kushika kikombe, alibisha hata kabatini, mpaka Torunn akamwambia sasa anamtia wazimu. Jina lake lilibaki kwenye foleni, na kila aliyemuuliza alijibu waziwazi kwamba anasubiri kiwanja, na anamsubiri Torunn pia.

Ilifika Pasaka. Jua lilikuwa kali juu ya theluji, watu wamekaa nje kwenye ngozi za kondoo wakimenya machungwa, nyuso zimebabuka. Torunn na Eskil walikuwa ndani wakivua soksi zilizolowa. Eskil alikuwa ameketi juu ya ile ndoo, kwa mazoea.

"Nina swali," alisema.

"Uliza."

"Utakubali tuoane?"

Torunn aliweka chini soksi. Alimtazama ndevu, kiraka cha kiwiko, vidole alivyovikalia. Macho yake yalijaa, na kwa sababu yalijaa, akakasirika.

"Yaani ndivyo unavyouliza? Juu ya ndoo, soksi mkononi, umeshakaa ndani tayari kama mwenye nyumba? Toka!"

"Nitoke?"

"Toka nje! Uliza vizuri!"

Eskil alitoka, viatu havijafungwa kamba, akafunga mlango nyuma yake. Majirani waliacha machungwa yao. Alinyoosha sweta, akasafisha koo, akagonga.

Ndani, Torunn alifungua mlango wa kabati. Alichukua penseli ya baba yake kwenye droo, akaiweka tayari juu ya meza, pembeni ya ile mistari. Hakufanya haraka. Huko nje hodi iligongwa mara ya pili.

"Nani?"

"Eskil. Naomba kuingia. Naomba kuishi na wewe, kama utapenda."

Alimwacha asimame juani kidogo, asikike na safu nzima. Kisha akasogeza kitasa.

"Karibu," alisema. "Vua viatu, usimame hapa kabatini nikupime."